Saa 250 kwa Jumapili Moja: Hesabu ya Ibada ya Kijijini

Ibada ya Jumapili saa tatu asubuhi huanza Jumanne jioni, mwinjilisti anapofungua kalenda ya kanisa kutazama masomo ya wiki. Ametoka shamba, mikono bado ina harufu ya udongo. Anafuta meza, anafungua kauntabuku, anaandika tarehe juu kushoto na neno la wiki chini yake. Hapo watu 120 watakaofika Jumapili hawajui kwamba ibada yao imekwisha kuanza, na hakuna kitabu cha hesabu cha kanisa kitakachoandika hiyo saa ya Jumanne.

Nataka kuipigia hesabu saa hiyo, pamoja na nyingine zote zinazoifuata mpaka kengele ya Jumapili. Tumezoea kuuliza sadaka imefika shilingi ngapi. Hatuulizi ibada yenyewe imegharimu nini, imegharimiwa na nani, na muda wake umekwenda wapi.

Mahali ninapopafikiria ni Misima, kata ya Wilaya ya Handeni, upande wa kuelekea Korogwe. Miji ya Handeni na Korogwe imeunganishwa na barabara ya lami ya kilometa 65, lakini ukiiacha lami na kushika njia za mashambani, kilometa zinabadilika maana. Huku ni Uzigua. Watu wanaishi kwa mahindi, majirani wengi ni Waislamu, na makanisa yametawanyika vijijini yakiwa na wakuu wake mbali: Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana ina makao yake Korogwe, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Walutheri wa KKKT iko Lushoto milimani, na Jimbo Katoliki la Tanga lina makao Tanga mjini, pwani. Padre au mchungaji ni mtu wa kusafiri kuja. Anayeishi na watu, anayejua nani kalazwa na nani kafiwa, ni mwinjilisti au katekista.

Sitataja kanisa fulani. Nitapiga hesabu ya mtaa wa mfano, yaani tawi moja la usharika, kwa tarakimu ambazo yeyote aliyewahi kuwa mzee wa kanisa anaweza kuzifuta na kuweka za kwake. Tuseme mtaa una watu wazima 120 wanaofika Jumapili ya kawaida. Una kwaya tatu: kwaya kuu, kwaya ya vijana na kwaya ya akina mama, kila moja watu 18. Una wazee watano. Una mwinjilisti mmoja. Mchungaji ni wa usharika mzima wenye mitaa sita, naye kila Jumapili yuko kwenye mmoja.

Tuanze na huyo mchungaji. Jumapili 52 ukizigawa kwa mitaa sita unapata nane na kitu, tuseme tisa kwa ukarimu. Kwa hiyo katika mwaka mzima mtaa wetu unamwona mchungaji madhabahuni mara tisa, na Jumapili 43 zilizobaki ibada inaongozwa na mwinjilisti. Hizo ni zaidi ya asilimia 80. Mtu akikuambia kwamba ibada za Tanzania vijijini zinaongozwa na wachungaji na mapadre, mpe hesabu hii. Kanisa Katoliki lenyewe lilitambua jambo hili kwa maandishi: mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo mahususi wa adhimisho la Jumapili pasipo padre, kwa sababu parokia za namna hii zimejaa duniani, na Afrika ya Mashariki ilikuwa imezoea jambo hilo kwa vizazi.

Sasa tazama mzigo wa hizo Jumapili 43. Mahubiri ya dakika 25, kwa mwendo wa maneno 110 kwa dakika (mwendo wa mtu anayesema taratibu ili wazee wasikie), ni maneno 2,750. Mara 43 ni maneno 118,250. Agano Jipya lote, katika Kiyunani lilimoandikwa, lina maneno kama 138,000. Maana yake mwinjilisti wa kijijini, mwenye Biblia moja na kauntabuku, anasema kwa mwaka mmoja mahubiri yenye urefu unaolikaribia Agano Jipya zima. Halafu Januari anaanza tena, mbele ya watu walewale, wanaokumbuka alichosema mwaka jana.

Nimeona kauntabuku ya namna hiyo kwa karibu. Kila ibada ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na masomo, namba za nyimbo, majina ya wasomaji na jina la mzee wa zamu. Ukurasa wa kulia ulikuwa na mahubiri, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, maneno mafupi aliyojiandikia mwenyewe: punguza hapa, uliza swali, mtaje marehemu. Kwenye Jumapili moja aliandika chini kabisa kwamba mvua ilinyesha juu ya bati, hakusikika, atarudia. Juma lililofuata alirudia kweli. Huo ni upangaji wa ibada wa daraja la juu, na umefanywa na mtu ambaye posho yake haitoshi kununua gunia la mahindi.

Nikizihesabu saa zake za wiki napata 12: saa mbili za kusoma na kuelewa masomo, nne za kuandika mahubiri, moja ya kukubaliana na walimu wa kwaya kuhusu nyimbo, tatu za kutembelea wagonjwa na wafiwa, kwa sababu huko ndiko maombi ya Jumapili yanakopata majina, na mbili za kufika mapema na kupanga. Ni hesabu ya kubana. Wake wa wainjilisti wataniambia nimepunguza.

Wengine tunawasahau zaidi. Kwaya tatu za watu 18 ni waimbaji 54. Wakifanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, ni saa 216. Wazee watano wakitoa saa mbili kila mmoja ni 10. Akina mama sita wanaofagia, kudeki na kupanga maua Jumamosi, saa mbili kila mmoja, ni 12. Jumlisha na 12 za mwinjilisti: saa 250. Hiyo ndiyo gharama ya Jumapili moja kabla kengele haijapigwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa ukomo wa kawaida wa kazi kwa wiki. Saa 250 ukizigawa kwa 45 unapata watu watano na nusu. Mtaa mdogo wa watu 120, ambao kwenye taarifa ya mwaka unaonekana una mtumishi mmoja, kwa kweli unaendeshwa na nguvukazi ya waajiriwa watano na zaidi, wote wakijitolea. Kwa mwaka ni saa 13,000.

Tuzipe saa hizo bei, ingawa najua kuna watakaokunja uso. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa saa 45 kwa wiki, hiyo ilikuwa kama shilingi 718 kwa saa, ujira wa mtu wa chini kabisa katika orodha ya waajiriwa wa shambani. Zidisha kwa saa 250: shilingi 179,500 kwa Jumapili moja. Kwa mwaka, shilingi 9,334,000.

Sasa weka kikapu pembeni yake. Watu 120 wakitoa wastani wa shilingi 500, kikapu kina 60,000, na kwa mwaka 3,120,000. Watu walewale wanaoambiwa kila Jumapili kwamba utoaji wao ni mdogo wanatoa mara tatu ya sadaka yao kwa njia ya muda. Na ule muda hausomwi kwenye mkutano mkuu, hauna stakabadhi, haupigiwi makofi. Nikisikia mtunza hazina akisema mtaa fulani ni tegemezi, najiuliza kama amewahi kukaa kwenye benchi la mazoezi ya kwaya Jumatano jioni, wakati akina mama wameacha moto jikoni na vijana wametoka kuchunga.

Basi kama ibada imegharimu saa 250, ni haki kuuliza tumeitumiaje. Nimekaa na saa ya mkononi mara nyingi, na ibada ya kawaida ya mtaa huenda hivi. Nyimbo tano za pamoja, beti tano kila mmoja, ubeti sekunde 40, ni dakika 17. Masomo matatu, dakika tatu kila moja, ni tisa. Mahubiri 25. Kwaya tatu, kila moja nyimbo mbili za dakika tano, ni 30, na dakika mbili za kila kwaya kutoka kwenye mabenchi, kujipanga na kupewa sauti: zinakuwa 36. Sadaka 15. Liturujia na maombi 20. Matangazo 20. Jumla ni dakika 142, yaani saa mbili na dakika 22, kabla ya Chakula cha Bwana na kabla ya mnada.

Rudi utazame tarakimu mbili tu: masomo dakika 9, matangazo dakika 20. Neno la Mungu lililosomwa limepata asilimia 6 ya ibada, na habari za michango, vikao, sherehe na mgeni atakayekuja mwezi ujao zimepata asilimia 14. Hili linaniuma kusema, maana nimesimama mwenyewe kusoma matangazo marefu nikidhani nahudumu. Dakika 20 mbele ya watu 120 ni dakika 2,400 za watu, sawa na saa 40. Tumechukua karibu wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja kueleza mambo ambayo nusu yake yangebandikwa mlangoni kwenye karatasi, na nusu nyingine yangepitia kwa viongozi wa jumuiya wanaokutana na watu katikati ya juma.

Mzee wa zamu akipewa dakika nane na karatasi iliyoandikwa, mtaa unaokoa saa 24 za watu kila Jumapili. Kwaya zikiimba wimbo mmoja kila moja badala ya miwili, dakika 15 zinarudi. Ibada inashuka kutoka dakika 142 hadi 115 bila kugusa mstari mmoja wa Maandiko wala wa mahubiri. Mama mwenye mtoto mchanga mgongoni anajua thamani ya hizo dakika 27 kuliko kamati yoyote.

Wanakwaya hawatapenda pendekezo hili, na wana hoja. Saa nne za mazoezi kwa wiki ili kuimba dakika tano? Naielewa hasira hiyo. Lakini tatizo la nyimbo haliko kwenye wingi. Nyimbo tano za pamoja kwa Jumapili 52 ni nafasi 260. Kama waumini wanazijua nyimbo 40 kwa moyo, kila wimbo unarudi mara sita au saba kwa mwaka, na ndiyo maana baadhi ya watu huimba macho yakiwa dirishani. Kwaya iliyofanya mazoezi ya saa nne inaweza kutumia dakika zake kuufundisha mtaa wimbo mmoja mpya kila mwezi: Jumapili ya kwanza kwaya inaimba peke yake, ya pili watu wanaitikia kiitikio, ya tatu wanaimba wote. Kwa mwaka ni nyimbo 12. Hakuna shilingi inayotoka, na hazina ya nyimbo imeongezeka kwa karibu theluthi moja. Mwalimu wa kwaya anayefundisha kanisa zima kuimba amefanya kazi kubwa kuliko anayelifundisha kusikiliza.

Kwenye masomo nako kuna kazi isiyoonekana. Tangu mzunguko mpya wa masomo wa mwaka 1969, Wakatoliki wana mpango wa miaka mitatu, A, B na C, na kila Jumapili ina vifungu vinne: somo la kwanza, zaburi, somo la pili na Injili. Jumapili 52 kwa miaka mitatu kwa vifungu vinne ni mara 624 za mtu kusimama mbele na kusoma. Makanisa mengine yana kalenda zao, lakini ukubwa wa kazi haupishani sana. Msomaji anayepewa Biblia akiwa ameshaketi kwenye benchi atajikwaa kwenye majina ya wafalme wa Yuda na waumini watatazama chini kwa kumwonea huruma. Msomaji aliyepewa karatasi Alhamisi anasoma mara tatu nyumbani, tuseme dakika kumi. Dakika kumi hizo ni uwekezaji wa bei nafuu kuliko wote ninaoujua katika kanisa.

Fedha sasa, kwa vile ipo na inauma. Kitu kinachokula kikapu cha mtaa usio na umeme ni jenereta. Jenereta ndogo ya kuendesha spika mbili, mikrofoni na kinanda hunywa kama lita moja kwa saa. Kwa saa tatu ni lita tatu. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi; tukichukua bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, Jumapili moja ni shilingi 9,000. Hiyo ni asilimia 15 ya kikapu chetu cha 60,000, na kwa mwaka ni 468,000. Vyombo hivyohivyo vikitumia umeme wa TANESCO, tuseme wati 500 kwa saa tatu, ni uniti moja na nusu. Kwa bei ya kawaida ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwamo, ni shilingi 534. Tisa elfu kwa mia tano na kitu: mara 17.

Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, sawa na petroli ya Jumapili tatu. Kutandaza nyaya ndani ya jengo ni gharama ya ziada na fundi lazima alipwe, lakini tofauti ya zaidi ya shilingi 440,000 kwa mwaka itamlipa. Kama nguzo imefika jirani na kanisa lako na bado mnanunua petroli, hilo liwe ajenda ya kwanza ya kikao kijacho cha wazee. Na kama nguzo haijafika, niseme neno ambalo vijana hawatalipenda: jengo la watu 120 lenye kuta nne halihitaji spika. Sauti ya mtu aliyejiandaa inalijaza. Niliwahi kuwa kwenye ibada ambapo jenereta ilizimika katikati ya maombi kwa kuishiwa mafuta. Kijana akatoka mbio na kidumu, na kanisa likakaa kimya likimsubiri, kana kwamba Mungu naye anasubiri petroli. Bibi mmoja mstari wa nyuma akaanzisha wimbo. Maombi yaliendelea bila mikrofoni mpaka mwisho, na hakuna aliyelalamika kwamba hakusikia.

Meza ya Bwana haina gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Watu 120 kwa vikombe vidogo vya mililita kumi ni karibu lita moja na robo, chupa mbili za kawaida. Mchungaji akija mara tisa, ni chupa 18 kwa mwaka, za divai ambayo zabibu zake zinalimwa hapahapa nchini, Dodoma. Pikipiki ya mchungaji kwenda mtaa wa kilometa 30 na kurudi hunywa lita moja na nusu, shilingi 4,500. Kinachopotea hapo ni muda: kwa foleni moja, sekunde nane kila mtu, watu 120 wanachukua dakika 16. Kwa foleni mbili, dakika nane. Mzee wa pili wa kushika vikombe halipwi chochote.

Tarehe ndizo zinazouma. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na huku kwetu tarehe hizo ziko ndani ya masika, bila kukosa. Kutoka Jumapili ya Matawi hadi Jumatatu ya Pasaka ni siku tisa, na ndani yake kuna ibada tano kubwa: Matawi, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Pasaka yenyewe na Jumatatu yake. Kwa mkulima wa mahindi hicho ndicho kipindi cha palizi, ghala limebaki vumbi, njia zina tope mpaka kifundoni na pikipiki ya mchungaji inasukumwa badala ya kupandwa. Kanisa linadai muda mwingi kuliko wakati wote wa mwaka wakati ambao watu wana muda mchache na fedha chache kuliko wakati wote. Waliopanga kalenda hiyo waliishi kwenye nchi za majira mengine, na haiwezi kubadilishwa kutoka Handeni. Lakini bajeti inaweza. Mtaa wenye busara hununua mishumaa na divai ya Pasaka mwezi Agosti, mahindi yakiwa yameingia, na mazoezi ya nyimbo za mateso huanza Januari, kabla jembe halijashikwa.

Agosti ndiyo yenye furaha. Sadaka ya mavuno inapoletwa, mbele ya madhabahu kunakuwa na madebe ya mahindi, mafungu ya miwa, mayai kwenye kikapu, kuku waliofungwa miguu wakigeuza shingo kutazama watu. Ibada ikiisha, mnada unafanyika nje chini ya mti, na hapo hesabu ya kawaida haifanyi kazi. Nimemtazama jogoo mmoja mwekundu akiuzwa shilingi 12,000, aliyemnunua akasema anamrudisha madhabahuni, akauzwa tena 10,000, akarudishwa, na mara ya tatu akanunuliwa kwa 15,000 na kijana aliyetaka kumpelekea mama yake. Jogoo mmoja, shilingi 37,000: zaidi ya nusu ya kikapu cha Jumapili ya kawaida. Hakuna soko ambako angefika bei hiyo. Wanaouliza kwa nini mitaa ya kijijini haitoi fedha waje kwenye mnada, wakaone kwamba watu wanatoa pale wanapokuwa nacho na wanapoona kinakwenda wapi.

Turudi kwa mwinjilisti na Jumapili zake 43. Tofauti kati ya wingi wa ibada na uchache wa waliowekwa wakfu ina umri mrefu. Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alifika Zanzibar mwaka 1864, na Sultani akampa watoto watano waliookolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Padre Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo, Cecil Majaliwa, alipatikana mwaka 1890: miaka 26. Mwaka uliofuata, 1891, Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka, na mwaka huohuo wamisionari wa Kijerumani wa misheni iliyokuja kuitwa Bethel wakaanza kazi Mlalo, Usambara. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Vitabu na wamisionari walipanda treni, lakini kutoka stesheni kwenda vijijini walitembea walimu wa dini, Waafrika, kwa miguu, nao ndio walioongoza sala asubuhi na jioni katika vijiji ambavyo padre alivifikia mara chache kwa mwaka. Mwinjilisti wa leo ni mrithi wao halisi, na mgawo wake wa Jumapili 43 kwa tisa ni urithi huo pia.

Mwaka 2018 Askofu wa Tanga, Maimbo Mndolwa, alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana Tanzania. Kiti cha juu cha kanisa la nchi nzima kikawa na mtu ambaye dayosisi yake ina makao Korogwe, mwendo wa pikipiki kutoka Misima. Natamani viongozi wa ngazi hiyo, wa makanisa yote, watazame tarakimu hii kabla ya kupanga semina nyingine ya maaskofu na wachungaji: fedha za mafunzo ya ibada zikigawanywa kwa kufuata Jumapili, senti 80 za kila shilingi zingekwenda kwa wainjilisti na makatekista. Siku tatu za mafunzo kwa mwaka, Biblia yenye maelezo, kitabu cha nyimbo chenye nota, taa ya sola na kauntabuku mbili. Mtu anayesema maneno 118,250 kwa niaba yetu anastahili mwanga wa kuyaandikia.

Ninachowaomba wazee na watunza hazina ni kitu kidogo. Taarifa ya mwaka ya mtaa ina safu ya shilingi. Ongezeni ya pili, ya saa. Andikeni kwaya zimefanya mazoezi mara ngapi, akina mama wamefagia mara ngapi, mwinjilisti ameongoza Jumapili ngapi. Isomeni kwa sauti mkutano mkuu unapokaa, kwa tarakimu, pale pale mnaposoma sadaka. Mtaa wetu wa mfano ungesomewa hivi: shilingi milioni tatu na laki moja na ishirini elfu, na saa elfu kumi na tatu.